Mwongozo kamili: Jinsi ya kuandaa wasifu mfupi wa watu mashuhuri wenye ubini mmoja

Kurasa za aina hii zinapendwa. Juu unaandika ubini, chini yake unawapanga watu mashuhuri wanaoubeba, kila mmoja na aya yake fupi. Walimu wa historia huzitumia darasani, vilabu vya wanafunzi huzibandika ukutani, na kurasa za mitandaoni za Mtwara na Lindi huzitoa kila msiba au uchaguzi unapolirudisha jina fulani midomoni mwa watu.

Nyingi huharibika mahali palepale. Watu wawili wenye majina yanayofanana wanageuzwa mmoja. Watu ambao undugu wao haujulikani wanafanywa mtu na mwanawe. Mke anaachwa nje kwa sababu alizaliwa na jina lingine. Tarehe moja yenye kosa inanakiliwa na kurasa kumi, kisha wingi wa kurasa hizo unachukuliwa kuwa ushahidi.

Hapa tutaifanya kazi yote kwa ubini mmoja, Machel. Familia hiyo ni ya Msumbiji, lakini sehemu kubwa ya habari zake imepita Kusini mwetu, kwa kuwa Nachingwea ndiko ilikokuwa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, wakati wa vita vya ukombozi. Pia ubini huu una karibu kila mtego utakaokutana nao kwingine. Penye haja tutagusa Mkapa, Kikwete, Majaliwa na Mondlane.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kaunta buku moja ya kwaya mbili. Hili ni daftari la kazi: orodha za majina, vyanzo na maswali yasiyojibiwa. Usitumie karatasi za kuchanachana, zitapotea.

Karatasi za A4, kama 20. Kata kila moja katikati upate kadi 40. Ubini wenye watu sita utakula kadi kumi na tano au zaidi, maana kadi nyingine zitaharibika na nyingine zitagundulika kuwa ni za mtu asiyehusika.

Peni ya bluu, peni nyekundu na penseli. Kila moja ina kazi yake, utaiona kwenye hatua ya tatu.

Simu yenye kamera na bando la kutosha. Kamera ni ya kupiga picha kurasa za vitabu, magazeti ya zamani na vibao vya makaburi. Kuandika kwa mkono kutoka gazeti lililofifia ndiko kunakozaa makosa ya tarakimu.

Msomaji wa pili. Mtafute mapema, awe mtu asiyeogopa kukuambia umekosea. Bila yeye kazi haijakamilika, hata kama umeandika vizuri kiasi gani.

Kwa watu watano hadi wanane tenga wiki nzima. Kuandika kwenyewe kutachukua siku moja, zilizobaki ni za kuhakiki.

## Hatua ya 1: Chagua ubini na uuwekee mipaka

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika kanuni zako kabla hujatafuta jina lolote. Ukisubiri hadi majina yaje, utajikuta unatunga kanuni za kumfaa mtu unayempenda.

Kanuni ya kwanza ni nani anahesabiwa kuwa mashuhuri. Kipimo kinachofanya kazi ni hiki: awe amefanya jambo la hadharani yeye mwenyewe, na jambo hilo liwe limeandikwa na vyanzo viwili visivyonakiliana. Mtoto wa kiongozi ambaye hajashika kazi ya umma haingii. Kumwingiza ni kumwanika mtu binafsi kwa sababu ya jina la baba yake.

Kanuni ya pili ni kwamba jina lazima liwe ubini wa mtu huyo kweli. Hapa wengi huanguka. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015, anaingia kwenye ukurasa wa Majaliwa bila shida. Kijana aliyesifiwa kwa kusaidia kuokoa abiria wa ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 2022, naye anaitwa Majaliwa, ila hilo ni jina lake la kwanza. Kwenye ukurasa wa ubini hana nafasi.

Kanuni ya tatu ni ukubwa. Ubini kama Saidi, Hamisi au Mohamedi utakuletea mamia ya watu, na kwa wengi wao hilo ni jina la baba tu lililoshika nafasi ya mwisho. Ukiutaka ubini wa namna hiyo, ubane kwa fani na eneo: wanasoka, au wabunge wa mikoa miwili hii, basi.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea mwenzako kanuni zako tatu, umtajie jina lenye utata, naye akatoa jibu lilelile uliloliandika wewe.

## Hatua ya 2: Kusanya majina bila kuchuja

Sasa andika kila jina unalokutana nalo, na mbele yake ulipolikuta. Usichuje bado. Ukichuja mapema utasahau kwa nini ulimtoa mtu, na wiki ijayo utamrudisha.

Tafuta ubini huo kwa tahajia zote. Majina ya kwetu hubadilika kutoka cheti hadi cheti: Rashid na Rashidi, Suleiman na Selemani, Abdalla na Abdallah, Athumani na Othman. Kwa majina ya Msumbiji tafuta yenye alama za Kireno na yasiyo nazo. Graça huandikwa Graca, Moisés huandikwa Moises. Mji aliozaliwa Josina Machel huandikwa Vilanculos, Vilankulos na Vilankulo. Ukitafuta tahajia moja tu utakosa nusu ya vyanzo.

Baadhi ya koo zimekwishakuwa majina ya majengo. Ukiandika "Mkapa" kwenye mtandao, utapata matokeo ya mpira wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, habari za hospitali ya Dodoma yenye jina hilo, na daraja la Mto Rufiji. Ongeza neno linalomfaa binadamu: alizaliwa, alisoma, alioa, mbunge, balozi, alizikwa. Takataka nyingi zitaondoka.

Usiishie mtandaoni. Maktaba ina vitabu ambavyo havijawahi kuwekwa kwenye kompyuta. Taarifa Rasmi za Bunge zinaonyesha majina kamili ya wabunge na majimbo yao. Misheni za zamani kama Ndanda zina kumbukumbu za shule na ubatizo, ingawa lazima uombe ruhusa na ueleze unachotafuta, na wakikukatalia taarifa za mtu aliye hai wako sahihi.

Watafute wanawake kwa makusudi. Hawatajitokeza wenyewe, kwa sababu vyanzo vingi vinawataja kama "mke wa". Kwenye ubini wa Mkapa, anayemwona Benjamin peke yake amemwacha Anna Mkapa, aliyeanzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote. Yeye anaingia kwa kazi hiyo aliyoifanya mwenyewe.

Na kwa watu wa Kusini uliza majina mengine. Kwa Wayao, Wamakonde na Wamakua kijana akitoka jandoni, au binti akitoka unyagoni, hupewa jina jipya. Ongeza jina la ubatizo au la kusilimu, na mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne katika karatasi nne. Usipoliuliza hilo utamwandika mtu mmoja mara mbili.

Utajua umefaulu majina yanapoanza kujirudia. Ukipitia vyanzo vitatu mfululizo bila kupata jina jipya, funga orodha.

## Hatua ya 3: Kadi moja kwa mtu mmoja

Usiandike wasifu moja kwa moja kutoka kwenye simu. Kila mtu apate kadi yake kwanza. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha ukurasa wa kuaminika na ukurasa wa kubahatisha.

Kadi ina mistari tisa, kwa mpangilio huu: namba, jina analojulikana nalo, jina la kuzaliwa, alizaliwa lini na wapi, alifariki lini na wapi, kazi kuu, miaka mitatu muhimu, undugu na wengine kwenye orodha, vyanzo.

Kinachopatikana kwenye chanzo kimoja kiandike kwa penseli. Kikithibitishwa na chanzo cha pili, pitisha peni ya bluu juu yake. Vyanzo vikipingana, andika maelezo yote mawili kwa peni nyekundu, usichague bado. Ukitazama kadi kwa mbali, rangi zenyewe zinakuonyesha kazi iliyobaki.

Sasa tazama ubini wa Machel unavyompoteza asiyekuwa na kadi. Kuna Samora wawili: Samora Moisés Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, na Samora Machel Júnior, mwanawe, mwanasiasa aliyezaliwa 1969. Kuna Josina wawili pia. Wa kwanza ni mpigania uhuru aliyefariki 1971, mke wa Samora na mama wa Samora Júnior. Wa pili ni Josina Z. Machel, mwanaharakati wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake na mwanzilishi wa Kuhluka Movement. Huyu ni binti wa Samora na Graça, mke aliyemwoa baadaye, na alizaliwa baada ya Josina wa kwanza kufariki.

Mtu asiyejua hilo atakuta habari ya Josina Machel akihutubia mkutano miaka ya karibuni, kisha habari ya Josina Machel aliyefariki 1971, na atadhani chanzo kimoja kimekosea. Vyote viwili ni sahihi, ila watu ni tofauti. Ndiyo maana kadi ina namba: andika Josina 1 na Josina 2, na kila kipande cha habari kipate namba kabla hakijaingia kwenye kadi.

Kadi ya Josina 1 ikikamilika inakuwa hivi (namba ya kadi ni ya orodha nzima: 1 ni Samora, 2 ni Josina 1, 3 ni Graça, 4 ni Samora Júnior, 5 ni Josina 2):

*Namba 2. Josina Machel. Kuzaliwa: Josina Abiathar Muthemba, 10 Agosti 1945, Vilanculos, Inhambane. Kufariki: 7 Aprili 1971, Dar es Salaam. Kazi: mpigania uhuru, kiongozi ndani ya Frelimo. Miaka: 1965 alifika Tanzania, 1967 mafunzo ya kijeshi, Nachingwea, 1969 Idara ya Masuala ya Jamii, ndoa Tunduru. Undugu: mke wa namba 1, mama wa namba 4. Tahadhari: si namba 5.*

Mstari wa mwisho, "si namba 5", uandike kwenye kila kadi yenye jina linalogongana. Utakuokoa saa nane usiku ukiwa umechoka.

Utajua umefaulu ukichukua kadi yoyote bila kuangalia nyingine na ukaweza kusema huyu ni nani na si nani.

## Hatua ya 4: Hakiki tarehe na mahali

Kila tarehe inahitaji vyanzo viwili visivyonakiliana. Namna ya kujua kama vimenakiliana ni rahisi: soma sentensi inayofuata tarehe. Kama maneno ni yaleyale, hicho ni chanzo kimoja kilichovaa nguo mbili.

Baada ya hapo fanya hesabu. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufariki, kisha angalia mwezi. Josina 1 alizaliwa Agosti 1945 na kufariki Aprili 1971. Ukitoa miaka tu unapata 26, lakini Agosti ya 1971 hakuifikia, kwa hiyo alikuwa na miaka 25. Samora alizaliwa 29 Septemba 1933 na kufariki 19 Oktoba 1986, siku ya kuzaliwa ilikuwa imekwishapita, basi alikuwa na miaka 53. Hesabu hii ndogo hukamata makosa mengi ya kunakili.

Angalia tarehe zinazokaribiana ndani ya familia. Graça Machel alizaliwa 17 Oktoba 1945, na Samora alifariki 19 Oktoba. Josina na Graça, wake wawili wa mtu mmoja kwa nyakati tofauti, walizaliwa mwaka mmoja. Vitu hivi viwili vikikaa kwenye daftari moja, mkono huteleza.

Tarehe ya gazeti si tarehe ya tukio. Gazeti la Jumamosi linaeleza ya Ijumaa. Na habari ikisema mtu alifariki "usiku wa kuamkia" siku fulani, tafuta tamko la familia au la serikali kabla ya kuandika tarehe.

Mahali nako kuna mtego. Mkoa wa Lindi ulitenganishwa na Mtwara mwaka 1971. Ukiandika kwamba mtu alizaliwa "Mkoa wa Lindi" mwaka 1940 umemzaa mahali pasipokuwepo. Andika kijiji au mji, kisha wilaya ya leo: "Lupaso, ambayo leo iko Masasi" inatosha kwa Benjamin Mkapa. Vivyo hivyo kwa Msumbiji: Samora alisomea uuguzi Lourenço Marques, mji ambao tangu 1976 unaitwa Maputo. Taja jina la wakati huo, na la sasa mara moja tu.

Kwa wazee ambao mwaka wao wa kuzaliwa ulikadiriwa, andika "takriban". Haimshushii mtu heshima yoyote, na inamlinda msomaji.

Utajua umefaulu penseli ikiwa imekwisha kwenye mistari ya tarehe. Kilichobaki na penseli hakiingii kwenye aya.

## Hatua ya 5: Undugu

Hapa nenda polepole. Kosa la tarehe husahihishwa kwa ujumbe mmoja, lakini kosa la undugu huingia nyumbani kwa watu, na huko halifutiki upesi.

Anza na jina la katikati. Kwa desturi ya Tanzania, mara nyingi ni jina la baba. Hussein Ali Mwinyi ni mtoto wa Ali Hassan Mwinyi. Ridhiwani Jakaya Kikwete ni mtoto wa Jakaya Mrisho Kikwete. Kiungo kinaonekana wazi, ila bado kihakiki, kwa sababu watu wawili wasiohusiana wanaweza kuwa na baba wenye jina moja.

Kwa wanawake jina la katikati hueleza jambo lingine. Salma Rashid Kikwete, aliyechaguliwa mbunge wa Mchinga, Lindi, mwaka 2020, ana jina la baba yake katikati na la mumewe mwishoni. Anayesoma harakaharaka atamfanya binti wa ukoo wa Kikwete. Na si kila mwanamke hubadili jina akiolewa: Samia Suluhu Hassan amebaki na majina ya upande wa baba yake. Kwa hiyo usidhani chochote. Tafuta jina la kuzaliwa, kisha ndoa, kisha jina analotumia hadharani.

Mtu huwekwa chini ya jina analojulikana nalo. Graça alizaliwa Graça Simbine, akaolewa na Samora Machel mwaka 1975, na mwaka 1998 akaolewa na Nelson Mandela. Kazi zake amezifanya kwa jina la Machel, basi yumo kwenye ukurasa wa Machel, na ndoa zote mbili zinatajwa.

Ubini mmoja si uthibitisho wa damu moja. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa Frelimo aliyeuawa Dar es Salaam 3 Februari 1969, na Venâncio Mondlane, aliyegombea urais wa Msumbiji mwaka 2024, wanabeba ubini uleule. Hapo usiandike "jamaa yake", wala usiandike "si ndugu", mpaka uwe na chanzo kinachosema hivyo. Kukaa kimya kunaruhusiwa. Janet Mondlane ni suala jingine: ni mke wa Eduardo, na hilo limeandikwa kila mahali.

Kwetu Kusini kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wakati ubini wa kwenye cheti hutoka kwa baba. Mtoto hubeba ubini wa baba na ukoo wa mama, ambao kwa Wamakua huitwa nihimo. Kwa hiyo wenye ubini mmoja wanaweza kuwa wa koo tofauti, na ndugu wa ukoo mmoja wakawa na ubini tofauti kabisa. Andika "wenye ubini wa fulani", usiandike "ukoo wa fulani", isipokuwa umehakikisha.

Ukienda kuuliza wazee, salimia, kaa, eleza unachofanya, ndipo uulize. Mzee akikwambia, "Yule alikuwa baba yangu," usifunge daftari. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba. Uliza kwa adabu: "Samahani babu, ni baba aliyekuzaa, au kaka yake?" Akisema "kaka yangu", uliza kama ni wa tumbo moja au mtoto wa baba mdogo. Akisema "mjomba", uliza kama ni kaka wa mama hasa, kwa sababu huku mjomba ni heshima inayotolewa hata kwa mpita njia. Rudia jibu lake kwa maneno yako, asikie kama umeelewa.

Yaliyosemwa na watani msibani yaache hukohuko msibani. Mtani ana ruhusa ya kumpa marehemu wake watatu na madeni ambayo hakuwa nayo. Ni desturi nzuri, lakini si chanzo cha historia.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mistari ya undugu kati ya kadi zako kwenye ukurasa mmoja, na kila mstari ukawa na namba ya chanzo pembeni.

## Hatua ya 6: Andika aya

Kila mtu apate maneno 70 hadi 100. Chini ya hapo unakuwa umeandika orodha, na ukizidi sana ukurasa unageuka kitabu cha mtu mmoja. Kiongozi mkubwa na msanii wa kijiji wapewe nafasi inayokaribiana, isipokuwa una sababu.

Mpangilio ni huu. Kichwa: jina na miaka. Sentensi ya kwanza: ni nani, kwa maneno yasiyozidi kumi. Ya pili: kuzaliwa, pamoja na jina la kuzaliwa kama lilikuwa tofauti. Mbili au tatu zinazofuata: kazi, kwa mfuatano wa miaka. Kisha undugu na wengine kwenye ukurasa. Mwisho, kifo au kazi anayofanya sasa.

Aya ya Josina 1 inakuwa hivi:

*Josina Machel (1945–1971). Mpigania uhuru wa Msumbiji. Alizaliwa Josina Abiathar Muthemba tarehe 10 Agosti 1945, Vilanculos, mkoani Inhambane. Alifika Tanzania mwaka 1965 akitoroka utawala wa Wareno, akafanya kazi katika Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Frelimo kupata mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Mwaka 1969 alishika uongozi wa Idara ya Masuala ya Jamii ya Frelimo, na Mei mwaka huohuo aliolewa na Samora Machel, Tunduru. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Tarehe hiyo ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.*

Linganisha na aya zinazozagaa: "Mama Josina alikuwa shujaa asiye na mfano, jasiri, mwenye upendo, aliyejitoa kwa ajili ya Afrika nzima." Sifa tano, na msomaji hajajua alizaliwa wapi wala alifanya nini. Mwaka na mahali vinampa heshima zaidi. Msichana wa Nachingwea akisoma kwamba mafunzo yale yalifanyika wilayani kwake, hahitaji kuambiwa kwamba ni jambo kubwa.

Futa maneno haya kila unapoyaona: maarufu sana, nguli, hayati kila mstari, kipenzi cha watu, inasemekana. La mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaficha kwamba hukutafuta chanzo.

Chagua wakati wa kitenzi kwa uangalifu kwa walio hai. "Alikuwa waziri" ni sawa kama kazi imekwisha. "Alikuwa mwanaharakati" kwa mtu anayeendelea na kazi humfanya msomaji adhani amefariki. Kwa Graça andika "alikuwa Waziri wa Elimu wa Msumbiji kuanzia uhuru mwaka 1975 hadi 1989", kisha "ni mtetezi wa haki za watoto".

Utajua umefaulu ukifunika jina la mtu kwa mkono na mwenzako akaweza kumtambua kwa aya peke yake. Aya inayoweza kumfaa mtu yeyote irudie.

## Hatua ya 7: Panga ukurasa

Panga kwa mwaka wa kuzaliwa, mkubwa kwanza. Mpangilio wa umaarufu huleta ugomvi, na wa alfabeti huwatenganisha mtu na mwanawe. Kwa Machel unapata Samora (1933), Josina na Graça (1945, Agosti kabla ya Oktoba), Samora Júnior (1969), kisha Josina Z. (1976).

Juu kabisa weka sentensi mbili tu: ubini, na kanuni uliyotumia kuchagua. Kama kuna waliopatikana bila udugu unaojulikana, sema hapohapo kwamba kuwapo kwao ukurasa mmoja hakumaanishi ni ndugu.

Majina yanayogongana yapewe alama kwenye kichwa: "Josina Machel (1945–1971)" na "Josina Z. Machel (aliyezaliwa 1976)". Ndani ya aya ya mmoja, mtaje mwenzake kwa jina kamili, kamwe usiandike "Josina" tupu.

Picha ni hiari. Picha kuonekana mtandaoni si ruhusa ya kuitumia. Kama hujui mwenyewe ni nani, iache. Ukiweka picha ya Josina mmoja kwenye aya ya mwingine, kazi yote ya kadi imepotea kwa kubofya mara moja.

## Hatua ya 8: Ukaguzi, kisha chapisha

Chapa nakala moja steshenari. Makosa ya tarakimu yanayojificha kwenye kioo cha simu huonekana kwenye karatasi. Mpe msomaji wa pili nakala pamoja na kadi, si nakala peke yake. Kazi yake ni kulinganisha kila tarehe na kadi kwa kidole, moja baada ya nyingine. Asisome kwa kufurahia, atayaruka makosa.

Baada ya hapo soma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi igawe mara mbili.

Kwa walio hai, ondoa namba za simu, mtaa anakoishi, habari za afya na majina ya watoto wadogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ukurasa wa klabu ya shule haupo juu yake. Kazi za hadharani na nyadhifa ni halali kuandikwa.

Mwisho wa ukurasa andika tarehe ya uhakiki na njia ya kukufikia kwa masahihisho. Akija mtu na sahihisho, mshukuru, muulize ushahidi, uandike kwenye kadi kwa penseli kama chanzo kingine chochote. Ndugu wa damu anaweza kukosea tarehe, na mgeni kabisa anaweza kuwa na gazeti la siku ile. Likithibitika, badilisha, na uweke tarehe mpya ya uhakiki chini.

Kadi usizitupe. Zifunge kwa ubini, ziweke kwenye bahasha moja pamoja na kaunta buku, na zikabidhi shuleni au maktaba ikiwa wewe unahama. Kila mwaka mwezi mmoja uleule zitoe, pitia walio hai: nani ameacha wadhifa, nani amepata mwingine, nani amefariki.